Alikuwa amelala tu kitandani, mbona mapaja yakaisha?

Dada mmoja wa Umoja, Nairobi, ameniandikia hivi, nimefupisha kidogo: "Dokta, bwanangu ana miaka 52, ni fundi wa kuchomea vyuma Kariobangi. Alishikwa na nimonia, akakaa wiki nzima nyumbani akimeza dawa za kemisti, afu akazidiwa akalazwa siku 12. Kabla augue alikuwa kilo 74, alitoka na 66. Sasa mimi nashindwa, huyu mtu alikuwa amelala tu na dripu, hafanyi kazi yoyote, mimi nikilala nyumbani siku mbili naongezeka. Huko wadi pia walisema sukari ni 13 na hajawahi kuwa na sukari. Tangu atoke ni wiki ya tano, mamake amekuja kutoka ushago anampikia supu ya mifupa na uji asubuhi mchana jioni. Kilo 4 zimerudi lakini zote zimeenda tumbo, mapaja bado ni kama ya mtoto, na sisi tunaishi floor ya nne, anapumzika mara mbili kwa ngazi. Ni nini ilimkula? Ana kisukari ama hana? Na job atarudi lini?"

Dadangu, kwanza pole, na mpe mzee pole pia. Mimi si daktari, ni mtu wa lishe, nimezunguka wadi miaka mingi na karatasi za kuhesabu nani amemaliza sahani na nani amesukuma pembeni, mmezoea kuniita dokta na nimechoka kukataa. Mambo ya dawa umuulize daktari wake. Lakini hilo swali lako la "alikuwa amelala tu" naulizwa karibu kila wiki pale mlangoni saa ya kuona wagonjwa, na wengi wanauliza wakishuku kwamba hospitali ilimnyima mtu wao chakula, kwa hivyo wacha nilijibu polepole.

Bwanako hakuwa amelala. Mwili wake ulikuwa kazini usiku na mchana kuliko siku zote alizobeba vyuma Kariobangi. Mwanaume wa kilo 74 wa umri wake akiwa mzima, amelala tu hafanyi chochote, anatumia kama kalori 1,500 kwa siku, hiyo ni ya moyo kupiga, kupumua, ubongo, ini, figo. Joto likipanda, kila digrii moja inaongeza matumizi kwa kama asilimia 10 hadi 13. Sasa weka homa ya 39.5, hiyo ni digrii mbili na nusu juu ya kawaida, unapata kama kalori 450 za ziada kila siku, sahani nzima ya githeri imechomwa kwa joto peke yake, na bado hujahesabu ile kutetemeka usiku na vile mtu wa nimonia anavuta pumzi na mabega.

Na upande wa kuingiza? Hapa ndo watu hushangaa nikiwaambia. Ile dripu mnayoita maji ya nguvu, kama ni ya chumvi haina kalori hata moja. Kama ni ile ya glukosi ya asilimia 5, chupa ya nusu lita ina gramu 25 za sukari, yaani vijiko sita vya chai. Sita! Kuna mtu huku Umoja anaweka hivyo kwa kikombe kimoja cha chai na anaongeza. Dripu inaokoa maisha kwa sababu ya maji na ya kupitishia dawa, lakini chakula si chakula.

Lakini njaa peke yake haielezi mapaja, na hapa usiniharakishe.

Mtu mzima akikosa chakula, tuseme njaa ya kawaida bila ugonjwa, mwili wake ni kama mama wa nyumba mwisho wa mwezi. Anabana. Akiba ya sukari iliyo kwenye ini, kama gramu 100 hivi, inaisha ndani ya siku moja, halafu mwili unageukia mafuta, na baada ya siku kadhaa ini linatengeneza kitu kinaitwa ketoni kutoka kwa hayo mafuta na ubongo unakubali kuzitumia badala ya sukari. Matumizi yanashuka, misuli inaguswa kidogo kidogo tu, mtu anaweza kwenda wiki kadhaa hivyo.

Ugonjwa mkali hauendi hivyo. Ugonjwa ni kama ile nyumba imepigiwa simu usiku ati mtoto yuko theatre na pesa inatakikana kabla ya asubuhi. Hapo hakuna kubana, hapo unauza ng'ombe, na huulizi bei. Msuli ndio ng'ombe. Mwili unaubomoa makusudi, protini zake zinavunjwa kuwa asidi amino, zingine ini linazigeuza kuwa sukari ya ubongo na ya chembe nyeupe za damu, zingine zinatumika kuunda protini za dharura za kupigana na vidudu, na kuna aina moja, glutamini, ambayo zile chembe za kinga zinaikula kama mafuta ya gari. Anayetoa amri ni homoni za mshtuko, kotisoli, adrenalini, glukagoni, pamoja na zile jumbe ambazo kinga inatuma mwilini zinazoitwa saitokini. Na mafuta ya tumboni? Yanachomwa pia, lakini mafuta hayawezi kuunda protini ya kinga na yanatoa sukari kidogo sana, kwa hivyo hata mtu mwenye kitambi kikubwa anauza ng'ombe.

Hii kitu ilionekana vizuri miaka ya 1930 kule Glasgow, Uskoti. Mtafiti mmoja, David Cuthbertson, alikuwa anakusanya mkojo wa watu waliovunjika mifupa ya miguu na kupima naitrojeni, na naitrojeni kwenye mkojo ni kama risiti ya protini iliyovunjwa. Akakuta inatoka nyingi sana, nyingi kuliko ile misuli ya mguu mgonjwa ingeweza kutoa, maana yake mwili mzima ulikuwa unachangia, kama harambee. Mwaka 1942 akaandika kwamba kuna awamu mbili, akazipa majina ya bahari, kupwa na kujaa, na watu wa Mombasa wataelewa haraka kuliko sisi wa huku. Kupwa ni siku ile ya kwanza kwanza, mtu amepoa, mwili umezima taa nyingi. Kujaa ni siku zinazofuata, joto juu, moyo mbio, ubomoaji wenyewe. Mzee wako alilala siku nyingi sana kwenye kujaa.

Hesabu yake si ngumu. Gramu moja ya naitrojeni ni gramu 6.25 za protini, na hiyo ni kama gramu 30 za nyama ya mwili kwa sababu nyama kwa wingi ni maji. Mgonjwa mahututi anaweza kupoteza gramu 15 kwa siku zaidi ya anazoingiza. Piga 15 mara 30, ni karibu nusu kilo ya nyama kila siku. Sijui utalichukuliaje hili, lakini ile chupa ya mkojo uliyokuwa unamwagia mzee asubuhi, paja lake lilikuwa linatokea hapo. Na si mwanamume wako peke yake, utafiti mmoja wa London uliochapishwa 2013 ulipima msuli wa mbele wa paja kwa wagonjwa wa ICU wakakuta katika siku 10 umepungua kwa karibu asilimia 18. Siku kumi! Ongeza na kulala, kwa sababu msuli usiotumika mwili unauona kama ng'ombe asiyekamuliwa, huyo anauzwa wa kwanza.

Kwa upande, kuna kisa ninakipenda kwa sababu kinatuhusu sisi wenye mifugo. Kuna mwanasayansi Mmarekani, Anthony Cerami, alikuwa anashangaa kwa nini mnyama mwenye ugonjwa wa mbung'o anakonda mpaka anabaki mbavu wakati ukiangalia damu yake vimelea ni vichache tu, haiwezekani ati ndio wanakula chakula chote. Akaona lazima ni mwili wa mnyama wenyewe unatoa kitu. Wakatafuta, yeye na mwenzake Bruce Beutler, wakapata protini moja wakaiita kakektini, na 1985 ikajulikana ni ileile protini ya kinga ambayo wengine walikuwa wanaifuata kwenye utafiti wa saratani. Kwa hivyo kukonda si vidudu vinakula mtu, ni jeshi lake mwenyewe linalotoza ushuru. Ndio maana pia TB inakondesha hivyo, ndio maana miaka ile ya themanini jirani zetu Uganda waliuita UKIMWI "slim", na ndio maana mpaka leo mtu wa Nairobi akipungua kilo tano majirani wa ploti wanaanza kunong'ona, upuzi mtupu, nimonia tu inatosha.

Sasa sukari. 13 bila historia ya kisukari. Kumbuka ini linatengeneza sukari kwa nguvu zote kutoka kwa ule msuli, na wakati huohuo misuli na mafuta wanaacha kusikia insulini, ile homoni inayowaambia waingize sukari. Wanafunga mlango. Si kosa, ni mpango, kwa sababu ubongo na chembe nyeupe zinachukua sukari bila kungoja insulini, kwa hivyo msuli ukikataa sukari inabaki nyingi kwa damu kwa wale wanaoihitaji vitani. Na kama alipewa dawa za steroidi, deksamethasoni ama prednisoloni, hizo ni binamu za kotisoli, zinapandisha zaidi. Kwa hivyo 13 ya wadini haimaanishi ana kisukari. Haimaanishi hana pia, wengi hapa kwetu wanatembea nacho miaka bila kujua mpaka siku wanalazwa na kitu kingine. Kinachotenganisha ni kile kipimo cha HbA1c kinachoonyesha wastani wa miezi kama mitatu iliyopita, asilimia 6.5 kwenda juu ni kisukari. Ukikifanya sai kitakuwa bado kinabeba zile siku za hospitali, kwa hivyo mimi ningesema sai apime sukari ya asubuhi kabla hajala kitu, ikiwa 7 au zaidi asingoje, arudi kwa daktari, na kama iko chini ya hapo afanye HbA1c akifikisha miezi mitatu tangu atoke. Kama aliongezewa damu awaambie, kwa sababu hicho kipimo kinaweza kudanganya. Hata akitoka safi aangaliwe kila mwaka, watu ambao sukari yao ilipanda hivyo wako kwa hatari zaidi ya kukipata baadaye.

Na msomaji mwingine asichukue hii akasema basi ugonjwa wote unapandisha sukari. Mtoto mwenye malaria kali sukari inaweza kushuka mpaka anapoteza fahamu, na mama mjamzito pia. Mtoto wa malaria amelegea haamki vizuri, hiyo ni kukimbia hospitali, si kungoja asubuhi.

Tuje kwa tumbo, najua ndilo linakuuma roho. Unaona kilo zinapanda kwa mzani lakini mtu bado hawezi ngazi. Marekani mwaka 1944 na 1945, kule Minnesota, vijana 36 waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya dhamiri walijitolea kushindishwa njaa karibu miezi sita ili wanasayansi wajue vile watalisha watu wa Ulaya baada ya vita. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Waliporudishiwa chakula mafuta yalirudi haraka, yakapita hata kiwango cha mwanzo, msuli ukarudi nyuma nyuma kama mtoto anayepelekwa kinyozi. Na hao walikuwa vijana tena hawakuwa na ugonjwa. Mzee wa miaka 52 aliyetoka kwa nimonia msuli wake bado ni mgumu kusikia, protini ileile iliyokuwa inamtosha zamani sai haimtoshi.

Na hapo namfikia mama mkwe, kwa heshima kabisa, mtu ametoka ushago kumuuguza mwanawe na najua hakuna mtu atamwambia mama ati supu yake ni maji. Lakini dadangu, supu ya mifupa ni maji matamu. Ina chumvi, mafuta kidogo, na ile protini ya kuganda ambayo haijakamilika, msuli haujengwi na hiyo. Uji wa wimbi kikombe kimoja una kama gramu tatu za protini, kwingine kote ni wanga, ukiweka na sukari vijiko vitatu ni wanga juu ya wanga. Mtu wa kilo 70 anayetoka kwa ugonjwa namna hii anahitaji kati ya gramu 1.2 na 1.5 za protini kwa kila kilo, yaani kama 85 hadi 105 kwa siku. Nimekisia kutokana na ulivyoniandikia, anapata labda 40. Hizo zingine zote ni nguvu zisizo na fundi, na nguvu zisizo na fundi zinaenda tumbo.

Sisemi mama aache kupika. Mwambie supu iwe na nyama ndani na mzee aile nyama, si kuwaachia watoto, gramu 100 za nyama iliyopikwa zinampa kama 25. Uji upikwe na maziwa nusu, na njugu za kusaga zikorogwe ndani mwishoni. Asubuhi mayai mawili, hapo ni 12 au 13. Mchana kikombe cha ndengu ama maharagwe kilichopikwa, 14 hivi, na usiku omena, na naomba usiikunjie uso, omena kavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini, hiyo ya Gikomba ukiiosha vizuri na maji moto mara tatu mpaka mchanga uishe ukaikaanga na nyanya na dania inapita nyama. Maziwa kikombe kabla ya kulala, 8 zingine. Isambazwe siku nzima, kila mlo upate yake, usimpe nyama yote Jumapili, mwili hauna friji ya protini. Kama aliambiwa figo zina shida basi usifuate hesabu yangu kabla ya kumuuliza daktari.

Kwenye ile sehemu ya barua niliyokata ulisema pia alipokuwa mgonjwa mama alikuwa anamlazimisha kula na anatapika, na unaona mlikosea. Hamkuua mtu, msijilaumu. Lakini kukosa hamu ya kula nayo ni sehemu ya mpango, ubongo unaambiwa na zile saitokini uzime njaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka 2016 waliwalisha panya kwa nguvu, wale wenye maambukizi ya bakteria wakafa zaidi, wale wenye virusi vya mafua wakapona zaidi. Panya si mtu, na mimi wadini siachi mgonjwa bila chakula siku nyingi, lakini naanza kidogo kidogo. Hasa mtu aliyekaa siku kumi bila kula kitu cha maana, ukimjaza chakula ghafla, madini ya fosfeti na potasiamu yanashuka kwa damu na moyo unaweza kusimama. Huyo wako amevuka hapo zamani.

Na usinunue bitiruti gunia zima ati damu ilikuwa chini. Wakati wa maambukizi mwili unaficha madini ya chuma ndani ya ghala ili vidudu visiyapate, damu inaonekana chini hata kama chuma kipo. Ikipimwa sai ikiwa bado chini ndio tuongee.

Chakula pekee hakitarudisha paja. Hili wengi hawataki kulisikia. Asidi amino zinapita kwa damu kama mafundi wanaotafuta kibarua, msuli usipowaita wanaenda zao. Chukua kiti cha plastiki cha kawaida, kisicho na mikono, kisukume mpaka ukutani kisiteleze. Mzee akae, akunje mikono kifuani, ainuke asimame wima kabisa, akae tena polepole, asijitupe. Hapo kwa kujitupa ndipo watu huharibu, kushuka polepole ndiyo kazi yenyewe, utaona mapaja yanatetemeka kama ndama aliyezaliwa leo na yeye atakuangalia kama amekosewa heshima. Aanze na tano, apumzike, tano zingine, mara tatu kwa siku, kila siku tatu aongeze moja. Na hizo ngazi za floor ya nne msizilaani, hiyo ni gym ya bure, apande mara moja zaidi kwa siku na wewe nyuma yake si mbele. Akihisi kifua kinabana, kizunguzungu, ama pumzi inakata akiwa ameketi tu, aache hapohapo aende hospitali. Na kama kikohozi hakijaisha, ama kilo zinaanza kushuka tena, ama analowesha shuka usiku kwa jasho, apimwe TB, hospitali za serikali hiyo ni bure na dawa ni bure.

Job sasa. Najua kodi haingojei na nimeshaona mafundi wanarudi wiki ya pili wanaanguka na mashine mkononi. Mimi huangalia kiti. Akiweza kuinuka mara 12 bila mikono ndani ya nusu dakika na apande floor nne bila kupumzika njiani, aanze nusu siku, kazi za mezani za kupima na kukata vipande vidogo, kijana amsaidie kubeba mageti. Wengi wa umri wake huchukua miezi mitatu, wengine sita. Akikuambia yuko sawa, mletee kiti.